Mshenga Aliyekuja Kuniposea Visa

Jamani, leo sina pa kuuweka uso. Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni kwangu, Viwanja Sitini, hapa Ifakara, na jogoo ambaye si wangu ananitazama. Nimeona niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa Mzee Matimbwa. Yeye ameshapanda basi la kurudi Sanje, na kwa ninavyomjua, abiria wote wameshajua.

Wengi wenu mnamfahamu mke wangu, Anjela. Ni muuguzi. Yuko Ujerumani mwaka mmoja na miezi minne sasa, anahudumia wazee kwenye makao yao. Mimi nimebaki hapa na kazi yangu ya ufundi wa mashine za kukoboa mpunga. Mashineni wananiuliza mke wangu atakuja lini kunitolea mahari. Nacheka nao. (Nikifika nyumbani sicheki.)

Maana upweke wa namna hii ni mgumu kuueleza. Mke hajafa, hajaniacha, hatujagombana. Yupo. Ila akitoka zamu mimi niko chini ya mashine, pumba zimejaa masikioni. Nikishaoga nikakaa, yeye anaingia zamu. Tunapata dakika kumi, na zenyewe zimegeuka taarifa ya habari. Mama hajambo. Umeme umekatika. Mvua imenyesha. Umekula? Nimekula. Haya, kazi njema. Na Anjela ni mtu wa kucheka, jamani. Kicheko chake kinaanzia puani, kinakwama kidogo, halafu kinatoka chote pamoja na kikohozi. Sijakisikia tangu kabla ya Pasaka.

Hata picha hazinisaidii. Ninazo za harusi tu, na kwenye harusi kama mnavyojua bibi harusi wa kwetu hacheki. Anainamisha kichwa, ananuna, anaonekana kama anapelekwa polisi. Kwa hiyo mke wangu mcheshi yuko ukutani sebuleni amenuna, na mimi kila jioni nakula wali nikimtazama.

Sasa kuhusu visa. Kazini kwa Anjela kuna mama anayeshughulikia familia za wafanyakazi wa kigeni. Anaitwa Bi Karin. Mwezi uliopita alituandikia njia zinazowezekana. Kuna visa ya kazi, ambayo inataka cheti cha ufundi. Mimi ufundi nilifundishwa na marehemu baba, na cheti changu ni kovu la mkanda wa mashine kwenye mkono wa kulia. Kuna nyingine ya kwenda kutafuta kazi hukohuko, wanakuhesabia alama. Nilijihesabia, nikapata alama za umri tu. Ikabaki visa ya mwenza. Hiyo inataka Kijerumani cha kuanzia, nyaraka, na Bi Karin aridhike kwamba ndoa yetu ni ndoa kweli, si ya karatasi. Mahojiano kwa simu ya video, leo Alhamisi, saa nane mchana. Akiridhika, faili letu linasonga mbele mwezi huu. Asiporidhika, tusubiri mwakani.

Mwakani ni mbali. Niliisoma ile barua nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mwakani ikawa palepale.

Kosa langu nililifanya wiki iliyopita. Kwenye orodha ya ushahidi niliona wanataka chochote kinachoonyesha ndoa ilivyoanza. Nikakumbuka barua ya posa. Nakala anayo Mzee Matimbwa, mshenga wangu, mzee wa hukohuko Sanje, yule aliyekwenda kwa wazazi wa Anjela kunisemea. Nikamfuata Sanje. Akaitoa kwenye sanduku, imekunjwa vizuri, halafu akaniuliza, "Hicho kikao kitazungumzia ndoa?"

"Ndiyo, mzee."

"Lini?"

"Alhamisi. Saa nane mchana."

"Na wewe unataka kwenda kuzungumza mambo ya ndoa yako peke yako?"

"Ni kwenye simu tu, mzee."

"Sawa," akasema.

(Ile sawa ilipaswa kunitia wasiwasi.)

Basi, leo asubuhi nimeamka nimejiandaa. Sebule nimefagia. Nimevaa suti ya harusi, ambayo siku hizi inanibana kwapani kiasi kwamba siwezi kumpungia mtu mkono. Simu nimeiegemeza juu ya kinu nilichokipindua karibu na dirisha, maana mtandao wangu unakaa dirishani tu. Majibu yangu nimeyakariri. Kwa nini unataka kuja Ujerumani? Kwa sababu ninaheshimu utamaduni wenu wa kazi na ninataka kujiendeleza kiufundi. Nimelirudia hilo jibu mpaka mke wa jirani amelijua.

Barua ilisema wazi kwamba mwombaji awe peke yake. Nikasema moyoni, hilo sharti ndilo jepesi kuliko yote. Kuwa peke yangu nina uzoefu nako.

Saa saba na nusu nikasikia hodi.

Nafungua mlango, nani? Mzee Matimbwa. Koti jeusi, kofia, viatu vimepigwa rangi, na kwapani jogoo mwekundu amefungwa miguu. Nyuma yake mama mkwe wangu, mama mzazi wa Anjela, na mkungu wa ndizi kichwani. Wametoka Sanje na basi la asubuhi. Mvua inawanyeshea.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, baba," mama mkwe akajibu, macho chini, kama tunavyoheshimiana siku zote.

"Marahaba," akasema Mzee Matimbwa. "Hawajaanza?"

Nikaeleza. Nimebembeleza, jamani. Nikawaonyesha hata barua, pale palipoandikwa mwombaji awe peke yake. Mzee Matimbwa akaisoma taratibu mpaka mwisho, akanirudishia. "Hawa hawajui kama una wazee," akasema. "Wangejua wasingeandika hivi."

Ningewaambia watoke? Watoke waende wapi, mvua ile? Saa nane kasoro dakika tano nikapata akili. Nikamwomba Mzee Matimbwa apumzike chumbani kwangu, kimya, mpaka niwaite. Akaingia na jogoo wake. Mama mkwe yeye hawezi kuingia chumba ninacholala mimi, hilo hata halizungumzwi, kwa hiyo akasimama kwenye kijia cha jikoni nyuma ya pazia. Nikamletea kigoda. Akakataa kukaa. Nikarudi kwenye kinu, jasho linanitoka ndani ya suti.

Simu ikaita.

Wakatokea wawili. Bi Karin, mama mtu mzima, nywele fupi, miwani kwenye kamba. Kwenye kidirisha cha pembeni yake mkalimani, dada wa Kitanzania anayeishi hukohuko, anaitwa Rehema. Wakaniambia Anjela ataungana nasi akishatoka zamu. Nikasalimia kwa Kijerumani changu, nikamalizia na shikamoo kwa sababu mama wa watu ni mtu mzima. Rehema akatabasamu. Nikaona mambo yanakwenda.

Maswali ya mwanzo nikayajibu vizuri. Tulikutana wapi? Mashineni, alileta mpunga wa mama yake, mashine ikamharibikia, nikamwambia asubiri, akasubiri siku nzima. Tulifunga ndoa wapi? Kanisani, Sanje. Bi Karin akawa anaandika na kutikisa kichwa kwa kukubali. Halafu akanyanyua picha yetu ya harusi, ileile ya ukutani, akaisogeza karibu na kamera.

"Anauliza," akasema Rehema, "mbona bibi harusi ana huzuni hivi?"

"Hana huzuni. Ndivyo inavyotakiwa."

Rehema akatafsiri. Bi Karin akatoa picha nyingine. Amenuna. Akatoa ya tatu, tunakata keki. Amenuna, na kisu mkononi.

"Anauliza, alilazimishwa kuolewa?"

Kwenye majibu yangu yote niliyokariri hilo halikuwemo. Nikiwa natafuta pa kuanzia, sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Mimi ndiye niliyemkataza kucheka."

Bi Karin akainua kichwa. "Anauliza, nani huyo?" akasema Rehema.

Na mimi, jamani, mtu mzima, fundi ninayeheshimika, nikajibu, "Ni redio."

Pazia likafunguka. "Mimi redio?"

Mama mkwe wangu huyo, mbele ya kamera, kitenge chake cha kanisani, mkungu wa ndizi bado ameukumbatia. Ameniheshimu miaka sita bila kunitazama usoni. Leo amenitazama. Kisha akaigeukia simu akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba yeye ndiye mama mzazi, na kwamba asubuhi ya harusi alimwambia binti yake asicheke hata kidogo. Akicheka watu watasema alikuwa anahesabu siku za kumkimbia mama yake.

"Na kweli alitaka kucheka," akasema. "Alijibana mpaka machozi yakamtoka. Watu wakadhani analia. Nikafurahi, nikaona heshima imekaa."

Rehema akatafsiri yote. Bi Karin akaandika kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa upole kwa nini nilisema ni redio, wakati masharti yalitaka niwe peke yangu. Nikaomba radhi. Akauliza kama kuna mtu mwingine ndani ya nyumba.

"Hapana," nikasema.

Jogoo akawika.

Sijui kilichonipata. Ningeweza kusema nafuga kuku. Nusu ya Ifakara inafuga kuku. Mimi nikatazama mlango wa chumbani, na Bi Karin naye akauona mlango.

"Anauliza na huyo ni wa redio?" Rehema akasema, na nikaona anajing'ata mdomo.

Bi Karin akasema kwamba mpaka hapo, faili hili linamtia mashaka. Kuna watu waliojificha. Hajui kama majibu ni yangu au ninaambiwa. Akaomba niichukue simu, nimtembeze nyumba nzima, chumba kwa chumba, sasa hivi.

Siogopi Mzee Matimbwa aonekane, huyo ameshawika kwa mdomo wa jogoo. Kuna kitu kingine mle chumbani, na nilikuwa nimekisahau kabisa, kwa sababu nimekizoea. Nikakikumbuka nikiwa nimeshashika kitasa.

Nikafungua.

Mzee Matimbwa amekaa ukingoni mwa kitanda, wima, kofia magotini, jogoo ubavuni. Kuiona simu akasimama, akakohoa, akaanza. Kama alivyosimama Sanje miaka sita iliyopita, hivyohivyo.

"Waheshimiwa wa Ujerumani, hamjambo huko. Mimi ni Matimbwa, mshenga wa kijana huyu. Ndoa hii mnayoiulizia imepita kwenye mdomo wangu. Binti yetu alipokuja kwenu, hatukuja na wazee kubisha hodi. Hilo ni kosa letu, tunalikubali, na leo tumekuja kulisafisha. Kijana wetu ameiona nchi yenu, ameipenda, anaomba apokelewe. Hatukuja mikono mitupu. Kifungua mlango ni jogoo huyu. Ndizi ni za mama mzazi. Mchele magunia mawili, wa hapahapa Ifakara, haujachanganywa, tutautuma mkitupa njia."

"Mzee," akasema Rehema, "unataka nitafsiri na hiyo ya jogoo?"

"Yote, mwanangu. Usiruke neno."

Akatafsiri. Nikamwona Bi Karin akivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza zawadi hiyo ni ya nani. Mzee Matimbwa akafurahi sana kuulizwa, maana kwa wakwe ukiona wanauliza kuhusu kifungua mlango ujue mazungumzo yamepamba moto.

"Ni ya kwake huyo mama. Akiona kidogo aseme asione haya, tutaongeza."

Nikamshika mkono wa koti. Akanipiga kofi dogo la mkononi bila kunitazama. Rehema akasema, na sasa sauti yake haikuwa ya mzaha tena, kwamba Bi Karin haruhusiwi kupokea kitu chochote kwa mtu yeyote, na kwamba sheria inamtaka aandike kwenye faili kuwa ameahidiwa zawadi. Jogoo, ndizi na magunia mawili ya mchele. Bi Karin akauliza haujachanganywa maana yake nini, ili aandike sawasawa.

Pale ndipo nilipoona mwakani ikigeuka miaka. Nikamwona Anjela akizeeka na wazee wake kule, na mimi na wali wangu huku. Nikataka kuikata simu nikalale.

Lakini Bi Karin alikuwa ameinamia kioo chake. Ananyoosha kidole.

"Anauliza," akasema Rehema polepole, "yule mwanamke aliyelala kitandani nyuma ya mzee ni nani?"

Nyuma yangu, mlangoni, mama mkwe akauliza, "Mwanamke gani?" Hawezi kuingia chumbani. Akanyoosha shingo.

Mzee Matimbwa akageuka. "Huyu?" akasema. "Hata mimi nilimkuta. Nikajua ni mgonjwa, nikakaa pembeni nisimwamshe."

Jamani. Nusu saa nzima yule mzee amekaa kimya kumstahi mto wangu.

Ndiyo, ni mto. Mto mrefu, nimeuvalisha gauni jeupe la kazi la Anjela, lile aliloacha kwenye msumari siku anaondoka. Nimeulaza upande wake. Nimeufunika shuka mpaka kifuani, maana kulikuwa na baridi ya mvua. (Najua. Najua.)

"Muinue tumwone," akatafsiri Rehema.

Nikamwekea Mzee Matimbwa simu mkononi, nikauinua. Beji ya jina bado ipo kifuani. Mzee, kwa hamu yake ya kusaidia, akaisogeza simu karibu kabisa na beji, ili Ujerumani wasome vizuri. ANJELA.

"Festo," simu ikasema.

Sauti hiyo haikuwa ya Bi Karin wala ya Rehema. Nikaitazama simu. Pembeni kuna kidirisha cha tatu, na ndani yake mke wangu, na koti zito, nadhani yuko kituo cha basi. Sijui ameingia saa ngapi. (Baadaye nimejua. Aliingia pale niliposema ni redio.)

"Festo, hilo si gauni langu?"

"Ndilo."

"Linafanya nini?"

Bi Karin akasema kitu. Rehema akatafsiri kwamba na yeye angependa kujua.

Nikatafuta jibu la utamaduni wa kazi na kujiendeleza kiufundi. Lilikuwa limeniishia. Nimesimama na suti inayobana, mto kifuani kama mtoto wa ubatizo, mshenga ananishikia simu, mama mkwe mlangoni. Nikaona basi, aibu imeshakwisha yote, haijabaki ya kuiokoa. Nikasema ukweli.

"Nikigeuka usiku nisikute patupu. Mimi mwenyewe najua ni mto. Mkono haujui. Mwanzoni nililiweka gauni pembeni tu, likawa linaanguka, ndiyo nikauvalisha. Na wali napika wa watu wawili, sijui kupima wa mmoja, nimeshindwa. Umeniuliza kwa nini nataka kuja. Nimechoka kula peke yangu, mama. Ni hilo tu. Kazi nitafanya yoyote."

Rehema alichukua muda kutafsiri. Alikuwa anatafsiri kidogo, ananyamaza, anaendelea. Bi Karin hakuandika. Mzee Matimbwa akavaa kofia yake, akaivua tena. Mimi nikabaki natazama kile kidirisha cha tatu, maana Anjela alikuwa ameinamisha kichwa, amejiziba mdomo, kama kwenye picha za harusi. Nikajua nimemliza. Nimemliza kituo cha basi, mbele ya bosi, mbele ya mama yake.

Halafu nikasikia pua.

Ikaanzia puani. Ikakwama kidogo. Halafu ikatoka yote pamoja na kikohozi, mpaka simu ya mkononi mwa Mzee Matimbwa ikawa inakwaruza.

"Mzee Matimbwa," anasema huku akishindwa kupumua, "ulikaa na mto! Nusu saa umemnyamazia mto!"

"Mwanangu, alikuwa amelala," Mzee akajitetea.

Hapo Rehema naye akaangua kicheko. Bi Karin akatazama huku, akatazama kule, akacheka bila kujua ni lipi hasa tunalolicheka. Mama mkwe mlangoni akajifunika uso na kitenge. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikiliza.

Bi Karin alipotulia alisema mambo machache. Kwamba kuhusu ndoa hana swali tena, faili litasonga. Kwamba zawadi lazima aiandike, ila ataandika pia kuwa yule mzee ni sehemu ya ndoa yenyewe na hakuwa na nia mbaya. Kwamba bado nina mtihani wa Kijerumani, bado kuna nyaraka za kutafsiriwa, na neno la mwisho ni la ubalozi, si lake, nisijipe matumaini makubwa. Na aletewe picha moja nyingine ya mke wangu, kama ipo, ambayo hajanuna.

"Sina," nikasema. Ndiyo kweli, sikuwa nayo.

Mvua ikazidi, na tulikuwa mbali na dirisha. Picha ikaganda. Bi Karin ameganda na kalamu, Rehema ameganda anafuta macho. Na Anjela ameganda kichwa nyuma, mdomo wazi, macho yamefumba, lile jino lake la pembeni linaonekana lote. Nikampokonya Mzee simu. Nikakipiga picha kioo haraka, mara tatu, kabla mtandao haujakatika. Kisha ukakatika, na nyumba ikarudia ukimya wake.

Tukakaa sebuleni. Nikawapakulia wali, na kwa mara ya kwanza haukubaki. Mzee Matimbwa akala vizuri, akatangaza kwamba kwa uzoefu wake posa imepokelewa, maana hawajarudisha barua. Mama mkwe aliiomba simu, akaitazama ile picha kwa muda mrefu, akipitisha kidole kwenye kioo.

"Kumbe bado anacheka hivi," akasema. "Na mimi kwenye simu hanichekei siku hizi. Tunaulizana umekula."

"Umekula, nimekula," nikasema.

"Ndiyo hivyohivyo."

Mvua ilipopungua nikawasindikiza kituoni. Mlangoni mama mkwe akasimama, macho yake yameshateremka chini kama kawaida, heshima imerudi mahali pake. "Hilo gauni, baba," akasema. "Usilitoe. Lakini ulifue."

Wazee wamekataa kuondoka na jogoo. Mzee Matimbwa anasema kifungua mlango kikishatolewa hakirudi nyumbani, nimtunze mpaka Ujerumani wajibu. Kwa hiyo tupo wawili hapa. Nimemtupia wali, anakula. Gauni lipo kwenye beseni. Picha nimeshaituma kwa Bi Karin, na kesho nitaisafisha niitundike ukutani pembeni ya yule aliyenuna.

Ninyi naomba msicheke. Aliyetakiwa kucheka ameshacheka, na ushahidi ninao.